Isaka Hakuulizwa

Mfanyakazi wa kimataifa wa Umoja wa Mataifa akipangiwa kazi Bukavu, mashariki ya Kongo, huambiwa mapema: mke, mume na watoto wabaki. Mji huo umo katika orodha ya vituo ambavyo mtumishi haruhusiwi kwenda na familia. Anaishi peke yake, analipwa posho ya kutengana na wa kwake, na kila baada ya wiki kadhaa hupewa likizo fupi ya kwenda kupumzika mbali. Kamati fulani imekwisha kupima barabara, hospitali, shule na bunduki, ikakata shauri kwamba hapa si mahali pa mtoto.

Lakini watoto wapo. Asubuhi moja ya mtaa wa Kadutu inatosha: bomba la shirika la maji, REGIDESO, limekauka tangu juzi, na wasichana wa miaka minane wanapanda mlima na bidoni za njano mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Wengine wanashuka kwenda masomo, shati jeupe na bluu chini, viatu mkononi ili matope yasivimalize kabla ya kengele. Mji huu unakadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja, na sehemu kubwa yao hawajafika umri wa kupiga kura.

Basi kama mahali hapamfai mtoto wa mgeni, panamfaaje mtoto wa mwenyeji?

Kanuni za ajira haziulizi hivyo, na haifai kuzilaumu. Kazi yake ni kumlinda mtumishi na bima yake. Wanaopaswa kuliuliza swali hilo ni watu wa dini, kwa sababu wao ndio wanaosema watoto wote ni sawa mbele za Mungu, na wao ndio ambao kwa zaidi ya miaka mia moja wamekuwa wakifika Kivu Kusini na watoto wao mikononi. Wapentekoste wa Sweden waliingia eneo la Uvira mwaka 1921, na wale wa Norway wakaanza kazi Kaziba karibu wakati huo huo. Makanisa mawili makubwa yenye makao yake Bukavu, CEPAC na CELPA, yametokana na kazi yao. Wengi walikuja wakiwa wameoa, wakazaa huku, wengine wakazika huku. Hakuna kamati iliyowazuia. Waliitwa, wakaitika, na mtoto akafungwa pamoja na mizigo.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha David na Svea Flood. Vijana hawa wa Kiswidi walifika mashariki ya Kongo mwaka ule ule wa 1921. Hawakuridhika na kituo cha misheni. Wakaenda milimani kutafuta watu ambao hawajahubiriwa. Mkuu wa kijiji akawakatalia wasiingie, kwa hiyo wakajenga kibanda mlimani, nje ya kijiji. Inasimuliwa kwamba kwa muda mrefu aliyewakaribia alikuwa mtoto mmoja wa kiume, aliyeruhusiwa kuwauzia kuku na mayai. Svea akamfundisha huyo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Mwaka 1923 akajifungua binti, wakamwita Aina, na siku chache baadaye mama akafa. Malaria ilikuwa imekwisha kummaliza nguvu.

David alimzika mkewe, akamkabidhi mtoto kwa wamisionari wenzake, akarudi Sweden akiwa na hasira na Mungu. Wale walezi nao hawakuishi. Mtoto akapokewa na Wamarekani, wakaenda naye kwao, na jina likabadilika: Aina akawa Aggie. Alikulia Marekani, akaolewa na Dewey Hurst, mchungaji ambaye baadaye aliongoza chuo cha Biblia katika jimbo la Washington. Alikuwa mtu mzima aliyekwisha kulea watoto wake mwenyewe alipokwenda Sweden na kumkuta baba yake akiwa mzee, mgonjwa, mtu ambaye nyumbani kwake jina la Mungu lilikuwa halitajwi.

Mahubiri huwa hayakai hapo. Yanakimbilia mwisho wa hadithi, ambapo yule mtoto wa mayai amekua, amekuwa mwalimu, amewaleta watu wa kijiji kwa Kristo. Na kila mhubiri, kwa lugha yake, huongeza chumvi kidogo na sifuri moja kwenye idadi ya waliookoka. Kanisa zima linasema amina. Hesabu imefungwa: mama mmoja kwa roho elfu.

Lakini hesabu hiyo ina walakini. Tuseme yule kijana wa mayai angekufa kwa kuhara kabla ya kubalehe, kama walivyokufa watoto wengi wa milima hiyo. Je, David Flood angekuwa amekosa zaidi? Uamuzi wake ulifanywa mwaka 1921. Matunda yalionekana miaka mingi baadaye, na yeye mwenyewe alikuwa ameyakatia tamaa. Baba anayempeleka mtoto mahali pa hatari kwa kutegemea muujiza utakaokuja kuhalalisha yote ni kama mtu anayekopa kwa jina la mwanawe bila kumwambia. Muujiza ukija, sifa ni za baba. Usipokuja, deni ni la mtoto. Na ukija pia, mtoto amekwisha kulipa: kabla hajajua kusema vizuri, Aina alikuwa amepoteza mama, baba, lugha, nchi na jina.

Waswahili wana msemo usiohitaji mhubiri: mchuma janga hula na wa kwao. Kwa kawaida tunaufikiria msemo huo juu ya mwizi au mlevi. Ugumu wa Bukavu ni kwamba unawahusu hata watu wema.

Vitabu vitakatifu vimekwisha kulikabili jambo hili, na havikulikabili kwa namna moja. Katika Mwanzo, sura ya 22, Ibrahimu anaamriwa kumtoa mwanawe sadaka. Isaka anabebeshwa kuni, anapanda mlima, na njiani anauliza swali moja tu: moto na kuni viko, mwanakondoo yuko wapi? Baba anajibu kwa kuzunguka. Mtoto hakuambiwa, wala hakuulizwa. Katika Kurani, sura ya As-Saffat, Ibrahimu anamweleza mwanawe ndoto aliyoota, kisha anamtaka atoe rai yake. Kijana, ambaye wafasiri wengi wa Kiislamu humtaja kuwa ni Ismaili, anamwambia baba atekeleze alichoamriwa. Amri ni moja na kisu ni kile kile, lakini huku mwana ameshirikishwa. Waislamu na Wakristo wa Bukavu wanaoishi ukuta kwa ukuta husikia visa hivi viwili kila mwaka, na ni nadra kusikia mtu akivilinganisha katika jambo hili.

Mwanafalsafa wa Denmark, Søren Kierkegaard, alilitafakari jambo hili kwa njia yake. Mwanzoni mwa kitabu chake Hofu na Kutetemeka, cha mwaka 1843, anakisimulia kisa cha Isaka mara nne, kila mara akikigeuza kidogo. Katika simulizi ya nne hakuna anayekufa. Baba na mwana wanarudi nyumbani salama. Ila Isaka amekwisha kuuona mkono wa baba ukikaza kwa kukata tamaa wakati wa kuchomoa kisu, na imani yake imekwisha hapo. Hamwambii mtu yeyote. Kierkegaard mwenyewe alilelewa na baba mcha Mungu aliyebeba huzuni nzito, kwa hiyo alijua anachokisema: mtoto anaweza kutoka mlimani mzima wa mwili, na bado kitu kikawa kimechinjwa.

Msomaji mwepesi atasema dawa ni rahisi, mtoto aulizwe. Lakini aulizwe vipi? Mwambie mtoto wa miaka mitano kwamba Mungu amewaita muende Kongo, na kwamba kuna ziwa na nyani, atakubali kabla hujamaliza sentensi. Mwambie wa miaka kumi na mitatu, atakataa, kwa sababu ana rafiki na timu ya mpira. Ndiyo ya kwanza haina uzito, na hapana ya pili wazazi wengi huiita uasi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kongo iliuridhia mwaka uliofuata, unasema mtoto anayeweza kuunda maoni yake asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na maoni yapewe uzito kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Maneno mazuri, kazi ni kuyatimiza mezani, wakati barua ya misheni iko wazi na nyumba kule Ulaya imekwisha kupata mpangaji.

Wakatoliki walilikata fundo hilo zamani: anayekwenda asiwe na mtoto. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alikwisha kusema kwamba asiyeoa huhangaikia mambo ya Bwana, na aliyeoa moyo wake umegawanyika. Jinsi ukweli huo unavyouma ilionekana Kivu Kusini mwaka 1996. Askofu mkuu wa Bukavu, Mjesuiti Christophe Munzihirwa, alikataa kuuacha mji, akauawa tarehe 29 Oktoba. Siku mbili baadaye, Wabruda wanne wa Maristi kutoka Hispania waliokuwa wakiwahudumia wakimbizi wa Kirwanda huko Nyamirangwe waliuawa, nao wakiwa wamekataa kuondoka. Watu hao watano walitoa kilicho chao. Hakuna mtoto aliyebaki akiuliza kwa nini baba aliwapenda wengine kuliko yeye.

Lakini kanisa la mabachela peke yao lisingeweza kumwonyesha mama wa Kadutu jinsi mgeni anavyofua nepi, na hapo ndipo familia ya kimisionari inapokuwa na hoja.

Siku za kawaida za familia hizo hazina ushujaa mwingi. Nyumba iko Muhumba au Nguba, karibu na ziwa, kuta ndefu, mlinzi langoni. Maji huchujwa, mboga huoshwa mara mbili. Umeme wa SNEL hukatika jioni, mtoto akiwa katikati ya kuoga, ingawa mitambo ya Ruzizi iko mlangoni pa mji. Hali ya hewa ni ya baridi, mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, mbu si wengi kama kule bondeni Kamanyola, na mama mgeni anashukuru kimoyomoyo kila anapokumbuka Svea. Miezi sita ya kwanza anahesabu homa. Baada ya hapo anahesabu maneno, maana mtoto wa miaka mitatu amempita: Kiswahili ndicho anacholilia, Kifaransa kinaanza shuleni, na lugha ya bibi yake wa Stavanger au Jönköping inabaki ya simu. Sokoni Nyawera ni mtoto anayepatana bei ya sambaza. Muuzaji anamwongezea mkono mmoja juu ya fungu kwa kuchekeshwa, halafu anamsalimia mama kwa jina la mtoto. Tangu siku hiyo mgeni ni mama wa fulani, mtaa unamjua hivyo, na barua za ubalozi zinazomwita kwa jina lake zinaanza kumshangaza.

Hilo, shirika lisiloruhusu watoto haliwezi kulipata. Mgeni mwenye mtoto ana kitu cha kupoteza, na jirani anakiona. Anafika kwenye foleni ya chanjo kama wenzake. Anauliza mwalimu yupi hapigi sana. Anakosa usingizi kwa risasi ile ile iliyosikika saa nane usiku. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Na mwenyeji huanza kupona pale anapoona mgeni naye anaweza kuugua.

Kiasi fulani tu, hata hivyo. Hapa ndipo lazima aingie mtu ambaye picha za kalenda za misheni humweka pembeni: yaya.

Anatoka Chimpunda kabla hakujapambazuka, anashuka kwa miguu ili nauli ya pikipiki ibaki kwa chumvi na makaa. Nyumbani ameacha watoto wanne. Mkubwa, msichana wa miaka kumi na mmoja, ndiye atakayewapikia wadogo uji, na siku ambazo mdogo ana homa ndiye atakayekosa masomo. Saa kumi na mbili na nusu yaya yuko Muhumba, amembeba mgongoni mtoto wa mgeni, anamwimbia. Mtoto huyo anampenda kwelikweli. Akianguka, jina la kwanza analoita ni la yaya, na mama yake huliona hilo na hulimeza. Mshahara una maana kubwa, maana ndio unaolipa shule. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari ina ada, na daftari halijawahi kuwa bure. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Wote wawili ni mama, wote wawili wanasali, pengine kanisa moja. Na bado saa za mama za watoto wanne wa Chimpunda zimehamia Muhumba.

Katika kanisa hilo moja husomwa maneno mawili yasiyopatana kirahisi. Katika barua ya kwanza kwa Timotheo, asiyewatunza wa nyumbani mwake amekuwa mbaya kuliko asiyeamini. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anasema anayempenda mwana au binti kuliko yeye hamstahili. Wahubiri huwasomea wamisionari neno la pili, na yaya neno la kwanza. Ingefaa mara moja moja wabadilishane.

Haina maana kumlaumu mzazi kwa kumpendelea mwanawe. Anayependa watoto wote sawasawa, bila wake kuwa na nafasi yake, si mzazi wa yeyote, ni ofisi. Mtoto ana haki ya kupendwa na mtu ambaye hatampima kwanza na wengine. Kinachotakiwa kuangaliwa ni kama upendeleo huo unalipiwa na mtoto wa mtu mwingine, na kama anayelipa anajulikana hata kwa jina katika nyumba inayofaidi.

Jaribio linakuja bila kubisha hodi. Juni 2004 mji ulitekwa na wanajeshi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebusi. Februari 2025 ukaingiliwa na waasi wa M23, baada ya uwanja wa ndege wa Kavumu kuchukuliwa. Katika siku kama hizo familia ya kigeni ina begi lililofungwa tangu zamani: pasipoti, dawa, mwanasesere. Mpaka uko karibu, unavuka Ruzizi, kisha Kamembe, kisha Kigali. Yaya na mlinzi wanabaki na funguo. Mtoto mgeni anauliza garini kwa nini yaya haji, na hapo baba aliyefundisha shule ya Jumapili kwamba Mungu hana upendeleo anajikuta akijibu kwa kuzunguka, kama Ibrahimu.

Hawakosei kuondoka. Mwenye mtoto na njia, akabaki ili tu aonekane shujaa, angekuwa anarudia kosa la mlimani. Ila baada ya kuvuka mto haifai tena kuhubiri juu ya sadaka iliyotolewa sawa na wenyeji. Pasipoti imekwisha kuitofautisha.

Maana wenyeji nao wana wito, na watoto wao hawana Kigali ya kukimbilia. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste. Amesimulia kwamba kitovu kilikatwa vibaya akaugua siku zile zile za kwanza, na aliyemwokoa ni mwalimu wa Kiswidi, Majken Bergman, aliyehangaika hadi masista wenye zahanati wakakubali kumtibu mtoto wa Waprotestanti. Miaka 32 baada ya Aina kuachwa, mtoto mwingine aliokolewa na watu wa misheni ile ile. Anayetaka kuzilaani misheni zote kwa pumzi moja atafakari hilo kwanza. Mukwege alisomea udaktari wa wanawake Angers, Ufaransa. Angeweza kubaki huko, watoto wake wakakulia huko. Mwaka 1989 akarudi Lemera, kwenye hospitali iliyoanzishwa na Waswidi. Oktoba 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi.

Tarehe 25 Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake Bukavu, wakawashikilia binti zake wakimngoja arudi. Alipofika, mlinzi wake aliuawa, yeye akanusurika. Akaenda na familia Sweden, kisha Ubelgiji. Wanawake waliouza mananasi na vitunguu wakaanza kuchanga nauli ya kumrudisha, na tarehe 14 Januari 2013 akatua tena Bukavu akipokewa na umati. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Dunia inamjua daktari. Wale mabinti waliokaa chini ya mtutu wa bunduki kwa sababu ya kazi ya baba yao hawamo kwenye hotuba za kumpongeza. Swali la Aina ni swali lao pia, na rangi ya ngozi hailibadilishi.

Sasa, kama hatari iko kwa mgeni na mwenyeji, na kama kuondoka na kubaki vyote vina sababu, kosa liko wapi hasa? Ripoti moja ya mwaka 2002 inasaidia kujibu. Kanisa la Presbiteri la Marekani liliunda tume huru kuchunguza yaliyowapata watoto wa wamisionari wake waliokuwa Kongo kati ya mwaka 1945 na 1978, hasa katika bweni la Léopoldville, walikokaa kusoma wakati wazazi wakifanya kazi vituo vya mbali. Tume ilithibitisha kwamba watoto walinajisiwa, na aliyetajwa zaidi alikuwa mmisionari mwenye kuheshimiwa, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufa. Kanisa jingine la Marekani lilikuwa tayari limechunguza mambo ya namna hiyo katika shule yake ya Mamou, Guinea. Waliowaumiza watoto hao hawakuwa waasi. Haikuwa vita wala malaria. Palikuwa na watoto waliojua, bila kuambiwa sana, kwamba wakilalamika watawarudisha wazazi nyumbani na kazi ya Mungu itaharibika.

Hilo ndilo linalofaa kuogopwa kuliko barabara mbovu. Mtoto anaweza kulelewa Bukavu akakua vizuri. Maelfu wamekua vizuri, wenyeji na wageni. Anastahimili umeme kukatika, anastahimili kuhama, hata hofu anaistahimili ikiwa kuna mtu mzima wa kumwambia. Asichokistahimili ni kunyamazishwa kwa jina la Mungu. Wito wa mzazi ukiwa mtakatifu kiasi kwamba mtoto hawezi kusema unamuumiza, umekwisha kuwa kisu, hata kama familia inaishi Oslo na baba anahubiri mtaa wa pili. Watoto wa wachungaji wa Kadutu, wanaoambiwa wasimwaibishe baba kwa kulia njaa mbele ya waumini, wanaujua mtaala huo vizuri kuliko mtu wa Norway.

Kwa hiyo makanisa yanayotuma na yanayopokea yangefanya vizuri kuanza na mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. La kwanza: kila mwaka, mtoto wa mtumishi, awe wa mgeni au wa mchungaji wa hapa, aketi na mtu mzima ambaye mshahara wake hautoki kwa baba yake wala kwa misheni hiyo, aulizwe hali yake, na jibu lake liweze kuirudisha familia nyumbani au kumhamisha mchungaji bila mtoto kuitwa msaliti. La pili: mkataba wa yaya na wa mlinzi uandikwe pamoja na wa familia, ukiwa na karo ya watoto wao, siku za kukaa na mtoto mgonjwa, na mahali pao katika mpango wa dharura siku mpaka utakapofungwa. Kamati ya misheni isiyoweza kuyaandika hayo ifuate kanuni ya Umoja wa Mataifa: impeleke mtu peke yake.